Kutu katika mashua ya zamani: dalili, chanzo na namna ya kutengeneza

Chombo cha mbao kikitunzwa, vyuma huzeeka kwanza na mbao hufuata baadaye sana. Mbao za mvule zilizoshiba sifa, yaani mafuta ya samaki ya kupaka vyombo, na mataruma (mbavu za ndani za chombo) ya mtondoo huendelea kuhimili mawimbi wakati misumari iliyozishikanisha imekwisha kuwa unga. Kwa hiyo mwenye mashua ya zamani, au anayetaka kununua iliyolala pwani kwa bei nafuu, lazima ajue kuisoma kutu kabla hajashika burashi. Kuanzia Lamu hadi Kilwa mazoea ni yale yale: chombo kikikaa juu ya mchanga, watu hukwangua, hupaka rangi na kurudi baharini na bamvua linalofuata, maji yakijaa sana. Rangi inaficha dalili, na kilichokuwa kinakula chuma kinaendelea kukila.

Vyanzo vya uharibifu ni vitatu. Cha kwanza ni maji ya chumvi na hewa kukutana juu ya chuma kitupu. Cha pili ni metali mbili tofauti kugusana ndani ya maji ya chumvi, ambapo iliyo dhaifu huliwa na iliyo imara hubaki salama. Cha tatu ni umeme unaovuja kutoka kwenye betri. Chanzo cha kwanza hula kwa miaka, cha pili huweza kula kwa miezi, cha tatu huweza kumaliza kazi ndani ya wiki chache. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya chuma kilicholiwa ni hili: kimechukua muda gani kufika hapo? Muulize nahodha au mabaharia, wao ndio wanaokumbuka.

Ukumbuke pia mpangilio wa metali, kutoka inayoliwa upesi hadi inayodumu: zinki, aluminiamu, chuma cha kawaida, shaba ya njano, shaba nyekundu, bronzi (shaba iliyochanganywa na bati), kisha stenlesi. Kadiri mbili zinavyoachana katika mpangilio huo, ndivyo iliyo mwanzoni inavyoliwa kwa kasi. Jeshi la majini la Uingereza lilijifunza hili kwa gharama. Mwaka 1761 meli yao HMS Alarm ilifunikwa shaba chini ili kuzuia fukusi wa baharini wanaotoboa mbao. Ilipokaguliwa mwaka 1763, misumari ya chuma iliyoshika ile shaba ilikuwa imeliwa vibaya, isipokuwa pale ambapo karatasi ya kufungashia ilikuwa imesahaulika kati ya shaba na chuma. Karatasi tu ilitosha kuokoa msumari, kwa sababu ilizuia metali hizo mbili zisigusane.

Michirizi ya kutu ubavuni

Hii ndiyo dalili inayoonekana zaidi na inayosomwa vibaya zaidi. Angalia mchirizi unapoanzia. Ukianzia kwenye kichwa cha msumari, mara nyingi puti imedondoka na maji yanalamba kichwa. Shina huenda bado ni zima. Ukitoka kwenye mshono kati ya mbao mbili, au ukitokea ndani ya chombo pale ubao unapolala juu ya taruma, msumari unaliwa katikati. Hilo ni zito zaidi, kwa sababu maji hukaa kwenye ule mwanya na hayakauki hata chombo kikiwa pwani.

Gonga vichwa kimoja kimoja kwa nyundo ndogo, huku mwenzako ameweka kiganja kwa ndani. Msumari mzima hujibu kwa mlio mkali na mkono wa ndani unausikia. Uliokatika hutoa mlio mzito uliofifia, na kwa ndani hakuna kinachofika. Hata hivyo usitegemee sikio peke yake. Ng'oa misumari michache ya mfano: mmoja karibu na mkuku (uti wa chini wa chombo), mmoja kwenye mstari wa maji, mmoja omo (mbele) na mmoja tezi (nyuma). Nyoosha kwanza ncha iliyokunjwa kwa ndani, kisha usukume kutoka nyuma kwa kipande cha nondo kilichochongwa butu.

Ukishautoa, uweke kwenye kiganja uutazame vizuri. Msumari uliochoka una sura yake: kichwa kimejaa, ncha bado kali, lakini pale katikati umekonda ukawa mwembamba kama njiti, na juu yake kuna maganda ya kutu yanayobambuka tabaka kwa tabaka. Tundu ulimotoka lina weusi kuzunguka, na ukichokoa kwa kisu ule weusi unatoka kama unga wenye unyevu. Weusi huo ni ubao wenyewe uliodhurika kwa chumvi za chuma. Kutu pia inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo msumari unaooza unausukuma ubao na kuupasua kwa ndani kabla haujakatika.

Ikiwa misumari yote ya mfano ina kiuno chembamba, usijidanganye kubadilisha iliyotoa michirizi tu. Panga kupigilia upya ubavu wote, kwa awamu, ubao mmoja baada ya mwingine. Msumari mpya usirudi kwenye tundu la zamani, kwa sababu hautapata pa kushika. Safisha tundu hilo, lizibe kwa hasho (kipande cha kuziba) ya mti mgumu iliyopakwa mafuta, kisha toboa jipya kama vidole vitatu pembeni, kwa keekee nyembamba kidogo kuliko msumari. Chini ya kichwa zungushia pamba iliyochovywa sifa, kama mafundi wa jahazi walivyofanya siku zote. Pamba ile huzuia maji yasishuke na shina. Nimeona mafundi vijana wakiiacha kwa haraka, na ninasikitika kila mara, kwa sababu ni kazi ya sekunde chache inayoongeza miaka.

Kuhusu misumari yenyewe, kuna zinki mbili madukani. Ile inayong'aa, yenye rangi ya samawati kidogo, imepakwa zinki kwa umeme na tabaka lake ni jembamba sana, mara nyingi chini ya mikroni 15 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ile yenye kijivu kilichofifia na ngozi ya kukwaruza imechovywa katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi karibu 450. Kwa chuma kinene zaidi ya milimita 6, tabaka la namna hiyo linatakiwa lifike wastani wa mikroni 85. Ya kwanza ifae mabanda ya bara. Baharini nunua ya pili, hata kama bei inauma.

Maji yanaingia, na kalafati haina kosa

Kalafati ni kushindilia pamba kwenye mishono ya mbao ili maji yasipite, na ngama ni chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapokusanyika. Mazungumzo huwa hivi:

"Fundi, tumekalafati mwaka huu mara mbili. Maji ya ngama bado yanapanda."

"Nahodha, yanapanda mkiwa mmetia nanga au mkiwa mnatweka tanga?"

"Tukitweka tu. Tukilala hapa, kakavu."

Jibu hilo linamaliza nusu ya kazi. Maji yakiingia wakati chombo kimetulia, tatizo liko kwenye mshono au kwenye tundu. Yakiingia wakati tanga limebeba upepo na ubavu unajipinda, mbao zinacheza juu ya mataruma, na mbao hazichezi misumari ikiwa mizima. Ukizidi kushindilia pamba kwenye mshono wa namna hiyo unausukuma ubao mbali na taruma, na misumari iliyobaki ndiyo inayobeba nguvu yote. Simamisha kalafati. Kagua kwanza bolti za mkuku na misumari ya ubao ulio jirani na mkuku, kwa kuwa hapo ndipo maji ya ngama hukaa mwaka mzima.

Bolti za mkuku huwezi kuzihukumu kwa kuangalia nati. Toa moja walau kila baada ya miaka michache uikague. Nati nzuri juu ya bolti iliyokwisha ni jambo la kawaida.

Usukani unagonga

Usukani ukigonga kwenye mawimbi ya nyuma, chombo kikiwa pwani uuinue kidogo kwa mti na utazame bawaba zake, zile rumada. Kama pini inacheza ndani ya pete huku bamba limetulia, ni uchakavu wa kusuguana tu. Kama bamba lenyewe linacheza juu ya ubao, bolti zimeliwa au matundu yamepanuka. Matatizo haya mawili yanagonga kwa sauti ile ile, na tiba zake ni tofauti kabisa.

Uchakavu wa pini unatibiwa kwa mchomeleaji: pete ichongwe iwe duara tena, itiwe bushi, au pini iongezwe unene. Toa bawaba nje ya chombo kabla ya kuchomelea. Moto juu ya ubao uliojaa mafuta ni hatari, na hata usipowaka unauunguza ubao nyuma ya bamba, mahali ambapo huwezi kuona. Tena, kama bawaba ilichovywa zinki, ikwangue zinki yote kwenye sehemu ya kuchomelea na ufanye kazi penye upepo. Moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka usiku huo huo.

Bamba linalocheza lina hadithi nyingine, na karibu kila mara hadithi hiyo ni ya metali mbili. Mtu alikwenda dukani, akaona bolti za stenlesi zinang'aa, akafungia bamba la chuma. Hapo bamba ndilo linaloliwa, polepole, kuzunguka tundu. Kinyume chake ni kibaya zaidi: bolti ndogo ya chuma kwenye bamba kubwa la bronzi. Eneo dogo la metali dhaifu likikabiliana na eneo kubwa la metali imara, lile dogo huliwa kwa kasi ya kutisha. Kanuni ninayoishikilia ni kwamba kifungio kiwe cha metali ile ile ya kitu kinachofungwa, au imara kuliko hicho kidogo tu, kamwe kisiwe dhaifu kuliko hicho. Bawaba ya chuma kilichochovywa zinki, bolti ya chuma kilichochovywa zinki. Bawaba ya bronzi, bolti ya bronzi. Ikibidi kuchanganya, weka washa ya nailoni na bomba la plastiki kuzunguka shina la bolti, na upake puti nyuma ya bamba ili maji yasikae.

Nati imekwama

Anza na burashi ya waya na maji baridi yasiyo na chumvi, kisha mafuta ya kupenyeza. Mchanganyiko wa nusu asetoni na nusu mafuta ya giaboksi ya otomatiki hupenya vizuri. Utikise kabla ya kutumia na uuweke mbali na moto. Paka, gonga nati pande zote kwa nyundo ndogo, acha usiku kucha, paka tena. Ukianza kufungua, kaza kwanza kidogo. Ule mkazo mdogo huvunja kutu iliyoshika meno.

Ikigoma, ikate kwa msumeno wa chuma au upasue nati kwa tindo. Bolti ya shilingi chache haistahili kupasuliwa ubao. Nati ya stenlesi iliyogandana na bolti ya stenlesi haina kutu ndani yake: meno yameshikana kwa msuguano, na mafuta hayatasaidia. Kata. Ile mpya ipake grisi na uifunge kwa mkono wa taratibu, si kwa mashine.

Shaba ya njano imegeuka waridi

Shaba ya njano ni shaba nyekundu na zinki. Baharini zinki hutoka, shaba inabaki kama sifongo, na rangi inakuwa ya waridi. Skrubu au vali yenye rangi hiyo haitengenezwi. Ijaribu kwa kuigonga na utaona inavunjika kama udongo uliokauka. Vali ya maji ya kupoozea injini, iliyo chini ya mstari wa maji, ndiyo ya kukaguliwa kwanza kabisa, maana ikivunjika chombo kinaingiza maji kwa tundu zima. Badala yake weka ya bronzi. Vali ya shaba ya njano inayouzwa kwa mabomba ya nyumbani haifai hapo.

Stenlesi inatoa madoa ya kahawia

Stenlesi hujilinda kwa utando mwembamba unaohitaji hewa. Juu ya sitaha, doa la kahawia kwa kawaida ni la uso tu: osha kwa maji baridi, sugua kwa msasa laini na limao, limekwisha. Usitumie burashi ya waya wa chuma, kwa sababu inaacha chembe za chuma zinazoota kutu upya. Hatari iko pale stenlesi inapopita ndani ya ubao wenye unyevu. Humo hakuna hewa, utando unakufa, na bolti inaliwa mashimo membamba yanayoingia ndani huku kichwa kikiendelea kung'aa. Daraja la 316 hustahimili zaidi ya 304, lakini hata hilo silipendi chini ya mstari wa maji kwenye chombo cha mbao.

Zinki inaisha upesi, au haiishi kabisa

Mashua yenye injini ya dizeli, shafti na propela ya bronzi huhitaji kipande cha zinki cha kuliwa badala ya vyuma vingine. Kibadilishe kikifika nusu.

Zinki isiyoliwa kabisa haimaanishi kwamba chombo ni salama. Huenda mtu aliipaka rangi, au bolti yake haigusi chuma inachopaswa kukilinda. Kwangua pale zinapokutana, funga upya, acha zinki bila rangi. Wenzetu wa Ziwa Victoria na Tanganyika wana sababu nyingine: maji yasiyo na chumvi hayaifanyi zinki ifanye kazi vizuri, na huko huhitajika magnesi.

Zinki iliyokuwa ikidumu mwaka ikaanza kwisha kwa wiki inaelekeza kwenye umeme. Zima kila kitu, chomoa waya wa chanya kwenye betri, weka multimita kwenye kipimo cha ampea 10 kati ya nguzo ya betri na waya ule, na usiwashe injini. Inapaswa kusoma sifuri. Ikisoma kitu, chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke, na waya wa fyuzi hiyo ndio wa kufuata. Anza na waya wa pampu ya ngama. Maungio yake hulala ndani ya maji machafu ya chumvi, yamefungwa kwa selotepu, na mwenye chombo hayaoni.

Kuna dalili moja ambayo wengi hawaijui, nami naisisitiza kwa sababu inaua vyombo vilivyopendwa. Ukiona unga mweupe, laini, kuzunguka bolti za bronzi au za shafti, na ubao wa hapo umekuwa na nyuzi nyuzi kama makumbi, zinki zimezidi. Umeme mdogo unaolinda metali huzalisha magadi makali kwenye metali inayolindwa, na magadi hayo huyeyusha kile kinachoshikanisha nyuzi za mti. Mwenye chombo ameongeza zinki kwa nia njema, na chuma kimepona huku ubao ukifa. Punguza zinki, osha pale kwa maji baridi mengi, siki kidogo, kisha maji tena. Ubao ukishakuwa nyuzi haurudi. Ukatwe sehemu hiyo na kutiwa hasho.

Rangi inabambuka juu ya chuma

Rangi mpya ikibambuka baada ya miezi michache na chini yake kuna vidoti vya kutu yenye majimaji, chumvi ilibaki kwenye vishimo vya chuma. Msasa hauiondoi chumvi. Maji baridi ndiyo yanayoiondoa, mengi, kwa burashi, mara kadhaa.

Vyuma vinavyotoka kwenye chombo, kama ndoana, pete na bawaba, visafishe kwa umeme na magadi, yale yale yanayochimbwa Ziwa Magadi. Ndoo ya plastiki, kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita 4 za maji, chaja ya betri. Waya wa hasi ushike chuma unachosafisha, waya wa chanya ushike kipande cha chuma chakavu, na viwili hivyo visigusane ndani ya ndoo. Usitumie stenlesi upande wa chanya, kwani huacha sumu ya kromiamu katika maji. Fanya kazi nje, kwa sababu gesi ya haidrojeni inayotoka huwaka. Usitie humo aluminiamu wala kitu chenye zinki. Kutu itageuka matope meusi yanayotoka kwa burashi. Pale ambapo chuma hakitoki, asidi ya fosforiki hugeuza kutu iliyobaki kuwa tabaka jeusi linaloshika rangi.

Osha, kausha juani, na upake praima siku hiyo hiyo. Usiache chuma kitupu kilale usiku wa pwani. Miezi mikavu ya kaskazi ndiyo mizuri, ila upepo huo hubeba chumvi, kwa hiyo futa kwa kitambaa chenye maji baridi muda mfupi kabla ya kupaka, umande ukishakauka. Praima ya epoksi mara mbili, kisha rangi ya juu. Kingo na vichwa vya bolti vipake kwanza kwa burashi ndogo, kwa sababu rangi hukimbia kingo.

Nanga na mnyororo

Hapa hakuna mengi. Pima unene wa pete za mnyororo pale zinaposuguana; zikipungua moja ya kumi, toa kipande hicho. Geuza mnyororo kila mwaka, mwisho wa nangani uje chomboni, ili uchakavu ugawanyike. Pini ya shakeli ifunge kwa waya uliochovywa zinki, usiwe wa shaba, maana waya wa shaba utaila pini ya chuma pale pale inapogusana nao.